Kambo, Siku Klabu Yetu Ilipowatoa Wajukuu Kwenye Kilio Chako

Mpendwa Kambo,

Nimeanza kukuandikia mara nyingi nikachana karatasi, kwa sababu kila nikimaliza mstari mmoja nasikia sauti yako ikinicheka. Naandika Kiswahili cha kitabu, kile ulichokuwa ukisema ni cha kuombea viza. Vumilia tu. Babu wengine huandikiwa barua za heshima na wajukuu zao, na wewe leo utaandikiwa, upende usipende. Na kwa kuwa huku Kikula kila mtu anasimulia kilio chako anavyotaka, nimeona niyaweke wazi yaliyotokea siku tulipokuzika, wasome wote, ingawa ninayezungumza naye ni wewe.

Unakumbuka siku niliyochaguliwa kuwa présidente wa klabu ya huduma shuleni? Nilirudi nyumbani natembea polepole, shingo imenyooka, fulana ya kijani ya klabu nimeikunja mkononi kwa heshima kuliko bendera ya taifa. Wewe ulikuwa umekaa uani na ile kofia ngumu ya kazini, uliyoachiwa na kampuni ulipostaafu pale Panda na ambayo Kambo Veronika, mke wako, alikuwa akikuvua kwa nguvu wakati wa kula. Nikakupa habari. Ukasimama, ukaivua mwenyewe bila kuombwa, ukainama mpaka kiuno kikalia.

"Présidente?" ukasema. "Na voiture iko wapi?"

Nikajibu kwamba klabu haina gari.

"Bon. Basi kamata ile ndoo, ulete mayi ya kuoga."

Huo ndio ulikuwa mgawanyo wetu wa kazi: wewe utanie, mimi ninune. Kwa watu wa kwetu babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana bila mpaka, na wewe uliitumia ruhusa yote, ya kwako na ya kwangu pia. Sijawahi kukujibu hata neno moja la maana. Nilikuwa nafunga mlango kwa kishindo, halafu nakusikia unacheka peke yako kule nje.

Jumamosi ndizo zilizonitesa zaidi. Klabu yetu hufanya salongo, kazi ya kujitolea: tunafagia, tunazibua mifereji ya soko, tunawachotea maji wazee wasiojiweza. Nilikuwa présidente mkali, nakubali na sijutii. Nilikuwa na filimbi. Nilikuwa na kanuni, na ile niliyoipenda kuliko zote ilisema kwamba mtu akileta vurugu kazini atolewe nje kwa heshima, bila kupigwa wala kutukanwa. Wewe ukaja sokoni na kiti chako cha plastiki, ukakaa kando ya mfereji tuliokuwa tunauzibua, ukaanza kutusimamia kama capita wa zamani kiwandani. Msichana mmoja ulimwambia ameshika ufagio kama anataka kuimba. Mwingine ukamsifu kwa kazi nzuri, ukamwambia akapumzike, naye ndiyo kwanza alikuwa amefika. Wauza mboga wakaacha kuuza ili wakusikilize wewe. Nilipuliza filimbi nikakuomba utoke nje. Ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukauliza nje ya soko lisilo na ukuta ni wapi, uende.

Halafu ile siku tuliyopita nyumba kwa nyumba kutafuta wazee wa kusaidia. Tulipofika kwetu nilitaka tupite upesi. Ukainua mkono. Ulisema wewe ni mzee asiyejiweza, huna mtu, hata mjukuu uliye naye ni présidente na hapatikani. Kambo Veronika alikuwa amesimama nyuma yako na sahani yako ya bukari, ugali wetu, mkononi. Nikakataa. Lakini makamu wangu, Dieudonné, akaniita pembeni, akasema kwa ile sauti yake ya kusomea misa kwamba mzee ameomba, na klabu haichagui wa kumhudumia. Basi klabu nzima ikabeba matofali ya jiko lako mchana kutwa, na wewe umekaa unachunguza nani ametoka jasho na nani amejimwagia maji.

Dieudonné ulimpenda, najua, kwa sababu hakucheka hata mara moja. Ni mtoto wa katekista wa Panda, amelelewa kwa rozari na kimya, na siku ile ulimzungukia kwa vichekesho mpaka ukachoka wewe. Jioni uliniuliza kama yule kijana ana meno. Nikakuambia asiye na adabu hapa ni wewe. Nilikuwa na hasira ya kweli, na sasa ningetoa chochote kuwa nayo tena.

Ukafa, Kambo. Uliumwa kidogo tu, tukadhani ni malaria ya kila msimu wa mvua, na asubuhi moja hukuamka. Nililia mpaka Kambo Veronika akaniomba nipunguze, niwaachie na wengine nafasi.

Siku ya kukuzika klabu ilikuja kusaidia. Mimi nilikuwa ndani na familia, kwa hiyo nilimwachia Dieudonné uongozi na filimbi yangu. Niseme ukweli: Kikula haijawahi kuona kilio kilichopangika vile. Viti vilinyooka. Maji yalifika kwa pusupusu, ule mkokoteni wa kusukuma, madumu yamejaa mpaka juu, na wamama waliokuwa wakisonga bukari hawakuinuka hata kuchota kikombe. Padri wetu, Abbé mwenyewe, aliuliza vijana hawa wanatoka wapi. Nilikuwa nalia na kujivuna kwa pamoja, sijui kama inaruhusiwa.

Ndipo wakaingia Trésor na wadogo zake, wajukuu zako kutoka mji wa Kambove. Unajua walichokuja kufanya. Kwetu wajukuu hawaji kilioni kulia. Wanakuja kumtania marehemu, wanamwiga, wanadai hiki na kile, na mwisho wanaziba njia jeneza lisipite mpaka wakubwa watoe kitu. Mzee asiyetaniwa na wajukuu zake ni kama hajaagwa na mtu. Trésor alikuwa amevaa kofia yako na mabuti yako. Akatembea uani kwa mwendo wako, mkono kiunoni, akiwauliza waombolezaji nani amewapa ruhusa ya kukaa kwenye viti vyake. Akamwita Kambo Veronika mke wake, akataka kujua kwa nini bukari imechelewa. Wadogo zake wakalala pembeni ya jeneza, wakakoroma kwa sauti yako ile ile, na yule wa mwisho akaweka hata kile kifilimbi cha puani ulichokuwa ukimalizia nacho. Kambo Veronika alijifunika uso na kitenge. Mabega yalikuwa yanacheka.

Dieudonné, yeye, aliona walevi wanamtukana marehemu mbele ya mjane wake. Kwao hajawahi kushuhudia kitu kama hicho, na sisi hatukuwaza kumweleza, maana nani anakumbuka kueleza jambo alilozaliwa nalo. Akapuliza filimbi. Kanuni ikafuatwa neno kwa neno: vijana wawili huku, wawili kule, na mmoja mbele akisema pardon, yaya, kaka yetu, angalia ngazi. Trésor alidhani ni sehemu ya utani, akawasifu sana kwamba klabu hii imefundishwa vizuri. Alielewa pale tu lango lilipofungwa na komeo likaanguka, yeye yuko barabarani na kofia imebaki ndani. Wakavuka njia, wakakaa kwa mama anayeuza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wakaagiza, wakaapa kwamba hawarudi.

Wakati wanatolewa mimi nilikuwa nimeingia chumba cha nyuma, nikashangaa mbona kumetulia. Nilipotoka, Kambo Veronika alikuwa ameshavua viatu na kukaa chini, katikati ya mlango wa chumba ulicholala, miguu imenyooshwa. Papa Léon, mwanao mkubwa, alikuwa amepiga magoti anambembeleza.

"Hakuna muntu atamutosha humu, hakuna wa kumutoa," Kambo Veronika alimjibu. "Bajukulu yake beko wapi?"

Abbé akaangalia saa. Dereva wa kamioneti tuliyokodi akasema ana maiti mwingine wa kubeba, na kwamba huyo wa pili familia yake iko tayari. Upande wa Panda wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi, na kila mtu alijua kaburi lililochimbwa asubuhi litajaa maji mvua ikitangulia. Papa Léon akavuka barabara kuwaomba wajukuu. Akarudi na sharti lao: aliyewatoa aje apige magoti mbele ya munkoyo. Dieudonné akajibu kwamba yeye hupiga magoti kwa Mungu na kwa mama yake, si kwa watu waliokoroma pembeni ya jeneza. Ikabidi nimweleze. Nilimweleza yote, taratibu, nikamwona anavyobadilika rangi. Akakaa juu ya pusupusu, akanirudishia filimbi, akasema anaacha klabu.

Kwa hiyo nikawa sina binamu, sina makamu, na wewe bado uko chumbani.

Kambo Veronika akaniinulia macho kutoka pale chini. "Na weye?" akasema. "Weye hauko mujukulu?"

Kambo, nilitamani ardhi inifiche. Klabu yote ilikuwa imesimama pale inanitazama, watu ambao nilikuwa nimewakemea mwaka mzima wasicheke mstarini. Nikijifanya mjinga mbele yao, Jumamosi nani atatii filimbi? Nisipojifanya, hutoki. Na kulikuwa na jambo baya kuliko hilo: sikujua kutania. Kazi hiyo ilikuwa yako. Mimi nilikuwa wa kununa, na uliyeninunisha ulikuwa umelala.

Nikaiokota kofia. Ilikuwa bado na harufu ya sabuni yako ya kunyolea. Niliivaa ikanifika kwenye pua, ikanibidi niinue kidevu ili nione, na hapo hapo nikajikuta nimesimama kama wewe, mkono kiunoni. Nikapuliza filimbi nikawapanga wanaklabu mstari mmoja. Wakajipanga, maskini, wakidhani ni amri. Nikaanza kuwakagua kwa sauti yako. Nikamwambia wa kwanza kwamba anafagia kwa watu, na kwao kuku analala kitandani. Nikamwuliza wa pili hilo jasho amelinunua wapi. Mtu mmoja kule nyuma akakohoa, kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Nikafika kwa Dieudonné, ambaye alikuwa ameinuka kutoka kwenye pusupusu akasimama wima, machozi yanamlenga. Nikamtazama kutoka chini ya kofia.

"Weye, kijana," nikasema. "Nilingoja ucheke mupaka nikakufa."

Alijitahidi. Alifunga mdomo, akavimba mashavu, akatazama mbinguni kuomba msaada. Halafu kikatoka. Kambo, ana meno, yote, na ana kicheko kibaya sijawahi kusikia, kama pampu ya kisima isiyopakwa mafuta. Kicheko hicho ndicho kilichovunja ua mzima. Wamama wa jikoni waliegemeana. Abbé aligeukia ukuta. Kambo Veronika alicheka huku amekaa pale pale chini, akijipiga mapaja, analia na kukutukana. Na kelele zikavuka barabara, kwa sababu ghafla tuliona kichwa cha Trésor juu ya ukuta, kikombe cha munkoyo mkononi, uso umejaa wivu.

"Munacheka Kambo bila shiye?"

Alirukia ndani, akaninyang'anya kofia, akasema mwendo wangu ulikuwa wa bata na si wa babu yake. Dieudonné alimwendea akaanza kupiga magoti mwenyewe. Trésor akamzuia, akamwambia asichafue suruali, amsaidie tu kukoroma. Kambo Veronika akanyoosha mkono, tukamwinua, akatoka mlangoni.

Ulitoka nyumbani kati ya vicheko, nadhani ungependa. Kamioneti ikawashwa, na sisi wajukuu tukalala chini mbele ya magurudumu, kama inavyotakiwa. Papa Léon akatoa noti. Trésor akalalamika kwamba babu wa maana hivi haagwi kwa hiyo, akaongezewa, akainuka akijipangusa vumbi. Wadogo zake wakainuka. Mimi sikuinuka.

Watu wakacheka tena. Wakasema présidente leo ameijua kazi. Papa Léon akaja akaniwekea noti nyingine kifuani, sikuigusa. Dereva akapiga honi. Walidhani natania, Kambo. Mimi nilikuwa nakuzuia kweli.

Kambo Veronika ndiye aliyeona. Alikuja bila viatu, akachuchumaa kwenye vumbi na mavazi yake ya ujane, akanipangusa uso na ncha ya kitenge. "Simama, mwana," akasema polepole, mimi tu nisikie. "Umuache apite." Sikuweza. Trésor akanishika huku, Dieudonné kule, wakaninyanyua, wakanisogeza kando, na gari likaenda.

Klabu ipo, na filimbi wanaitii hata zaidi, sijui kwa nini. Dieudonné hakuacha, mwakani nikishafanya mtihani wa taifa yeye ndiye atakuwa président, na siku hizi tukienda kusaidia kwenye kilio huanza kwa kuiuliza familia wajukuu wa hapa wana desturi gani, kabla hajagusa hata kiti. Wengine hawana desturi yoyote, na unamwona anasikitika kidogo. Kambo Veronika ni mzima. Analalamika kwamba nyumba imekuwa na adabu mno.

Mimi ndiye niliyebaki nyuma. Siku ile nilisimamishwa na watu wengine, na tangu hapo, hata darasani, hata kwenye salongo, nimekuwa bado nimelala pale mbele ya magurudumu, nimeziba njia, nimekataa. Nimekuudhi, pengine. Ulikuwa hupendi kuchelewa.

Leo nimeinuka mwenyewe, Kambo. Pita.

Mujukulu yako wa Kikula