Gari la Yusuf Halibebi Sukari

Alhamisi, Agosti 1983

Sitaliuza. Jioni nimemwambia yule mnunuzi wa Nairobi arudi kwao na pesa zake.

Asubuhi Abdi, mdogo wa marehemu mume wangu Yusuf, alinicheka. "Shemeji, gari gani hii ya watu wawili? Haibebi hata gunia moja ya sukari. Lami ikiisha hapa Isiolo, na yenyewe imeisha!"

Ni kweli. Yusuf aliuza lori zima ili anunue gari hili, kwa sababu magari ya aina yake yalitengenezwa machache tu duniani. Spea tunangoja miezi. Hata mimi nilinung'unika sana wakati ule.

Lakini leo mchana binti wa jirani ameolewa, na kama kila bibi harusi wa mtaa wetu tangu Yusuf alilete, ametolewa kwao ndani ya gari letu jekundu, polepole, wanawake wakiimba mbele. Mama yake alinishika mkono. "Mke wa Yusuf, leo msichana wangu ni malkia."

Aliyeendesha ni Abdi. Kabla ya kuingia aliinama akavua viatu, kama Yusuf alivyofanya siku zote. Hakuna aliyemwambia.