Bibi Amegoma Kuolewa Tena, na Bima Haisubiri

Shikamoo Shangazi,

Naomba uniokoe kabla sijapasuka, maana nina siri tumboni na ikizidi kukaa humo nitaumbuka, jana nimecheka peke yangu darasani mwalimu wa hesabu akadhani namcheka yeye. Mimi ni msichana wa sekondari, nina haya mpaka kuitikia jina langu asubuhi ni kazi, ndiyo maana naandika.

Naishi na babu na bibi. Babu alikuwa fundi wa magari ya serikali mpaka alipostaafu, na wote wawili wanatibiwa kwa bima ya wastaafu, yeye goti lake, Bibi presha yake, bila maneno. Sasa utaratibu umebadilishwa, wastaafu wote wanahamishiwa mpango mpya, na tangazo lilikuja kwa Kiingereza kile cha ofisini kinachochosha taya, nikapewa mimi nitafsiri mezani kwa kuwa ndiye ninayesomeshwa lugha mbili. Nikatafsiri kwamba mstaafu anaendelea kama kawaida, ila mwenza wake haingii tena hivihivi, lazima aandikishwe upya kwa cheti cha ndoa kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo kadi yake inakufa. Nikauliza cheti kiko wapi. Babu akamtazama Bibi, Bibi akatazama sufuria. Hakuna cheti, Shangazi. Walioana nyumbani, wazee wakasema maneno yao, watu wakala wakashiba, basi, hakuna aliyeandika hata mstari.

Babu akasema, "Si tatizo. Jumatatu tunakwenda kwa msajili, tunaandikishwa, tunarudi kula."

Bibi akaweka mwiko chini. "Hiyo ni posa, au unapeleka gari kubadilisha oili?"

"Mama watoto, ni mambo ya bima tu."

"Basi kaioe hiyo bima."

Kumbe mara ya kwanza aliyeulizwa ni baba yake Bibi, mwenyewe alikuwa jikoni akaletewa habari kama unavyoambiwa kesho kutanyesha. Akasema palepale kwamba safari hii anataka kuulizwa mwenyewe, na akishaulizwa atafikiria.

Tangu hapo Babu ananyoa ndevu kila asubuhi, amenunua shati jipya, anasimama mlango wa jikoni anakohoa kama pikipiki iliyoingia maji, halafu anauliza kama chumvi ipo. Na kwa vile tangu nikiwa mdogo Babu ananiita mke wake mdogo na Bibi ananiita mke mwenza, utani huo umegeuka ajira. "Mke mdogo, kamwambie mwenzio nimesema tafadhali." Naenda. "Mke mwenzangu, kamwulize mumeo, hiyo tafadhali haina miguu ije yenyewe?" Narudi. Ukuta ni mmoja tu, wanasikiana vizuri kabisa, wakati mwingine Babu anajibu kabla sijafika, lakini lazima nirudie neno kwa neno, na mimi uso unawaka kama ninayeposwa ni mimi.

Sasa siri yenyewe. Juzi nikimkanda Bibi miguu akaninong'oneza kwamba atakubali, aliamua siku ileile, hata gauni lake la zambarau liko kwa fundi linapunguzwa. "Ila usimwambie. Sijawahi kubembelezwa mimi, niache nibembelezwe kidogo." Nikaapa huku nimejaza mto mdomoni nisicheke.

Lakini Babu ameanza kubakiza chakula. Aliwaambia wastaafu wenzake kijiweni kwamba amekataliwa na mke wake mwenyewe, wakamcheka mpaka mmoja akaangusha meno ya bandia. Jana akaniambia polepole, "Labda hanitaki kweli. Labda alikuwa ananivumilia tu." Hapo sikucheka, Shangazi. Halafu akaniomba nikamwulize Bibi kwa niaba yake. Nikimuuliza, Bibi hatanisamehe. Nikimwambia Babu ukweli, nimevunja kiapo. Nikinyamaza, mwezi unaisha na Bibi anabaki na presha bila kadi. Nifanyeje?

Mke Mdogo Asiye na Sauti

SHANGAZI ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu. Nimesoma barua yako kwa sauti hapa ofisini, na mhariri amelazimika kwenda kunawa uso. Sasa tuache kucheka.

Kwanza nikugombeze. Tangazo umelitafsiri vizuri, umeona tarehe ya mwisho, ukakaa nayo kama vile msajili anakungojeni mlangoni na muhuri mkononi. Ofisi nyingi za ndoa hubandika kwanza tangazo la ndoa ukutani na kusubiri siku zipite ndipo zitoe cheti. Ulikwenda kuuliza? Hukwenda. Bibi anadhani ana mwezi mzima wa kubembelezwa, kumbe huenda amebakiwa na wiki. Kesho ukitoka shule pitia kwa msajili, uliza wanataka nini na inachukua muda gani. Utaona haya, najua. Uliza hivyohivyo na haya zako.

Ukirudi, mwambie Bibi muda aliobakiwa. Mwambie pia Babu alivyosema, kwamba labda alikuwa anavumiliwa tu. Hilo hukuapa kulificha, na Bibi hajui kwamba mchezo umeanza kuuma. Mwanamke aliyekwisha kupeleka gauni kwa fundi hatataka mzee wake alale na wazo hilo.

Kiapo chako kilinde. Babu usimwambie kwamba atakubaliwa. Akikutuma tena, mjibu, "Babu, hili sibebi. Anataka kuulizwa na wewe." Hiyo si siri, Bibi aliitangaza siku ya kwanza mbele ya sufuria, ila mzee wako aliishia kusikia neno bima.

Nawe Babu, kama unasoma gazeti hili, na najua wastaafu mnalisoma mpaka matangazo ya viwanja: usimtaje msajili, usitaje kadi, usiulize chumvi. Ingia jikoni, kaa, muulize mkeo kama anakutaka.

Na wewe binti, ukimwona amekaa, chukua viatu vyako utoke nje. Usisikilize dirishani. Jibu watakuletea wenyewe.