Baridi ya Sumaya na Maziwa ya Galgalo

Isiolo, Jumamosi, Agosti 1987

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye sukari. Jua lipo, lakini limefifia kama taa ya betri iliyochoka. Mbuzi wa jirani wamekataa kutoka. Siku kama hii Akko, mama mkwe wangu, hulaani upepo kwa Kiborana mpaka ucheke. Leo amekaa kimya, na kimya chake kimenitia wasiwasi kuliko upepo wenyewe.

Nimemaliza ile katuni.

Naona haya kidogo kuandika hivyo, mwanamke mzima mwenye mtoto. Lakini tangu mume wa rafiki yangu Halima atume televisheni na mashine ya video kutoka Jeddah, pamoja na katoni ya kanda, sisi wanawake wa huku Kiwanjani tumekuwa watu wa katuni. Zenyewe ni za Kijapani, ila zimetiwa sauti za Kiarabu. Tena Kiarabu cha duksi, madrasa yetu, kile kilichonyooka, ambacho mwalimu alitupigia viboko hadi kikaingia. Kwa hiyo mizimu ya Kijapani inaongea kama hotuba ya Ijumaa. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilijikuta nimevuta mtandio kichwani.

Msichana wa hadithi wamempa jina Sumaya. Ana nyumba ya wageni mlimani, mahali penye theluji isiyokwisha. Wageni wanaofika ni watu waliokufa na hawajajua kama wamekufa. Anawapa kikombe cha maji moto. Wakinywa wanakumbuka, wanalia, wanatoka kwa mlango wa nyuma na hawarudi tena. Ni hivyo tu, kanda baada ya kanda.

Uzuri wake ni kwamba haina haraka. Kuna sehemu nzima ya mzee fundi wa miavuli, na kazi yake humo ni kufungua na kufunga mwavuli mmoja tu, mpaka unamjua kama jirani. Kuna mama mmoja mwenye roho mbaya ambaye hapati adhabu yoyote, anapewa maji yake kama wengine. Hakuna damu, hakuna anayepiga kelele. Lakini unatazama mlangoni na unaona viatu vilivyopangwa ni vingi kuliko watu walio ndani, na hakuna anayelisema hilo. Mimi hapo nywele zilinisimama.

Kasoro nazo zipo, sitaifichia. Kuna paka mnene anayeingia kufanya mzaha kila mambo yanapokolea, na ningempata ningemtupia kiatu. Wasichana wote wana sura moja, unawajua kwa utepe wa nywele. Sumaya analia mno, macho yanatikisika kama uji kwenye bakuli. Na ule wimbo wa mwanzo, jamani, umenikaa kichwani hata kwenye udhu.

Lakini kilichonishika ni ndugu yake. Kila theluji ikianguka kaka yake anakuja kusimama mlango wa mbele. Sumaya anaongea naye mlango ukiwa kati yao, anacheka naye, anampa habari za siku. Kikombe hampi. Akimpa ataondoka.

Ninamwelewa. Hilo ndilo tatizo.

Mume wangu Galgalo alikwenda kununua mbuzi ng'ambo ya Merti, kabla ya mvua za mwaka jana. Lori alilopanda lilipatikana limeungua kando ya laga, ule mto mkavu. Dereva alizikwa palepale. Galgalo hakuonekana, si mwili, si kiatu. Tangu hapo mimi si mke wa mtu na si mjane. Sokoni watu hawajui waniulize hali au wanipe pole, basi wananiongezea nyanya na kutazama kando.

Kwetu mwanamume akiwa safarini, mkewe humwekea maziwa kila jioni ndani ya gorfa yake, kile chombo cha kusukwa tunachokifukiza moshi. Asubuhi, kama hajafika, maziwa hupewa mtoto wa jirani au ndama. Ni heshima tu. Huonyeshi kwamba nafasi yake imejaa. Nimeweka maziwa hayo bila kukosa.

Na kuanzia mwaka huu, yanapungua.

Sijamwambia mtu. Jioni najaza mpaka shingoni na kufunga kifuniko. Asubuhi kifuniko kimefungwa vilevile, na maziwa yako chini. Paka hafungi kifuniko. Siku ya kwanza niliogopa. Siku zilizofuata, Mungu anisamehe, nikaanza kuamka na furaha.

Sasa wazee wa ukoo wamesema imetosha. Kesho baada ya adhuhuri watakaa, na wanataka kusikia neno langu mimi mwenyewe. Nikisema ndiyo, Galgalo atasomewa hitima kama marehemu, nami nitaingia eda. Nikisema hapana, wataniacha na maziwa yangu. Hakuna aliyenilazimisha. Afadhali wangenilazimisha.

Basi leo nimekwenda kwa Halima na roho nzito. Alikuwepo pia Mama Kendi, Mmeru mwenye duka la nafaka, ambaye Kiarabu hajui hata neno na bado hulia kutushinda wote. Tukafika pale kaka amesimama mlangoni, Sumaya anacheka naye. Mama Kendi akaweka kikombe chini.

"Lakini huyo kijana anasikia baridi," alisema. "Hamuoni? Tangu mwanzo anatetemeka. Huyu msichana anaongea tu, hata hamuulizi."

Halima akacheka. "Mama Kendi, ni katuni!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kila neno la Kiarabu kile, na mabega ya kaka sikuwa nimeyatazama hata siku moja. Anatetemeka kweli. Wamemchora hivyo tangu kanda ya kwanza. Niliangalia dirishani kwa Halima, vumbi likipita, na nikahisi mtu amesimama upande wa pili wa ukuta akinisubiri nimalize.

Halafu ukaja mwisho, na mwisho umenikasirisha. Sumaya anafungua mlango, anampa maji, kaka anakunywa, anatabasamu. Theluji inayeyuka, maua kila mahali, wimbo ule ule, na paka anacheza. Kwisha. Mtunzi aliyekaa na mzee wa miavuli kwa subira yote ile, alipofika kwenye mlango wenyewe alikimbia. Mkono wa Sumaya haukutetemeka hata kidogo! Nani anatoa kikombe kama hicho bila kumwaga?

"Abaayo, dada yangu, hii kitu itakuharibu akili," Halima aliniambia nikiaga. "Nenda ulale kidogo."

Nimefika nyumbani nikamkuta Akko mlangoni. Gorfa ya Galgalo ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa kwenye jua. 

"Kaa hapa," alisema. Nikakaa.

"Ile maziwa, ni mimi nilikuwa nakunywa. Kila siku kabla ya alfajiri. Nilikuwa naona ukifungua asubuhi uso yako inakuwa mzuri. Nikasema wacha aone hivyo. Sasa imetosha, mama."

"Yote ni wewe, Akko?"

"Yote. Kesho wakikuuliza, sema ndiyo. Mimi nimemzaa, mdomo yangu haiwezi kutoa hiyo neno. Sema wewe, yangu na yako."

Nilimshika magoti nikalia, naye akanipangusa vumbi kichwani kama mtoto. Nilimwambia asante. Hakuna kingine nilichomwambia.

Sikumwambia kwamba maziwa yalianza kupungua yeye akiwa Rapsu, kwa binti yake aliyejifungua, na akakaa huko hadi mahindi yakavunwa. Nyumbani tulikuwa mimi na mwanangu tu, na mwanangu akinusa maziwa ya moshi anatapika. Akko hajui kusema uongo, hakuwahi kuuhitaji. Leo, katika uzee wake, ameutafuta mmoja na kuniletea ili mimi niwe huru. Sumaya hakuwa na mtu wa namna hiyo nyumbani kwake. Labda ndiyo maana ilibidi wamletee maua.

Naandika haya kabla ya magharibi. Upepo umetulia ghafla, na mtaa mzima uko kimya kama watu wamehama.

Nimelifikiri kwa akili, si kwa machozi. Kama Akko ndiye aliyekunywa, basi Galgalo haji. Kama si Akko, basi aliyekunywa hakubisha hodi. Na Galgalo ninayemjua mimi, akiwa hai, angebisha kwa fujo hadi majirani waamke, aulize kwa nini chai haijawa tayari. Hakuwa mtu wa kuingia polepole, akanywa, akafunga kifuniko na kuondoka. Huyo afanyaye hivyo anasikia baridi na hajui aende wapi.

Asiyekuwepo na lake halipo, wazee watasema kesho, na wataanza bila yeye. Mimi nadhani atakuwepo.

Kwa hiyo nitasema ndiyo. Mkono wangu utatetemeka na sauti pia, wacha itetemeke. Nitasema amekufa, na nitamtaja kwa jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kwa sauti ya kufika mlangoni, ili ajue ni yeye ninayemwambia.