Nilimjibia Mzee Wangu Mtihani, Sasa Anakabidhiwa Boila

Moshi, 3 Mei 1954

Kwako Mshauri wetu wa gazeti,

Nakusalimu kwa heshima, na shida yangu naileta kwako kwa sababu hapa kambini sina wa kumweleza bila habari kuzunguka majiko yote kabla ya jioni. Mimi ni mfanyakazi wa shamba kubwa la mkonge upande wa chini wa Moshi, jina la shamba naomba usilichape, na watu nitakaowataja nimewapa majina mengine, hata mimi niite Yunusu. Kwetu ni Kondoa. Nilikuja hapa kwa lori la waandikishaji mwaka 1947, nikiwa nimesoma madarasa mawili tu, na tangu siku hiyo nimekata majani ya mkonge mpaka vidole vya mkono wa kulia havinyooki vyenyewe, asubuhi navinyoosha kwa mkono wa kushoto ndipo nashika kazi. Siandiki ili kunung'unika. Naandika kwa sababu nimetendewa wema mwingi na naogopa wema huo nimeuharibu kwa mkono wangu.

Mwaka jana shamba letu lilianzisha masomo ya wafanyakazi, kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana, ndani ya ghala la katani, tukikaa juu ya marobota kwa kuwa madawati hakuna. Mwalimu wetu ni fundi wa mashine, mtu wa Kibosho, Mwalimu Rogath, na alitufundisha kusoma tarakimu, kusoma saa za mashine zinazopima nguvu ya mvuke, kuandika kitabu cha zamu, na namna ya kukaa na mashine usiumizwe. Wengine walicheka wakasema tunaibiwa Jumamosi yetu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kivuli, nasema kweli, maana ghalani kuna kivuli na shambani hakuna. Lakini mwezi wa tatu wa masomo ilifika barua ya mke wangu Mwantumu, ameandikiwa na mdogo wake, nikaisoma mwenyewe kitandani neno kwa neno, bila kumpelekea karani ambaye husoma kwa sauti na kucheka penye siri za watu. Siku ile nilipokutana na Mwalimu Rogath nilitamani kumwamkia shikamoo, ingawa nimemzidi umri.

Sasa nikueleze juu ya Mzee Ebenezeri. Yeye ni mtu wa Marangu, na kwa miaka mingi ndiye mchochea moto mkuu wa injini yetu ya zamani inayozungusha korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge zikabaki nyuzi. Mwaka wangu wa kwanza nilishikwa na homa nikawa siwezi kusimama, na wenzangu niliokuja nao walikuwa bado wageni kama mimi, basi Mzee huyu ambaye hakunijua alinipakia kwenye lori la ndizi akanipeleka kwake mlimani. Mkewe, Mama Eliaichi, alinilaza karibu na ng'ombe nipate joto, akaninywesha maziwa na mtori wa ndizi siku kumi na moja, na Mzee mwenyewe aliniosha nilipotapika. Hawakuniuliza dini yangu wala kabila langu. Tangu hapo Mzee akiwa na mzigo naubeba mimi, akitaka maji nachota mimi, na kila Jumapili tunakaa nje ya chumba chake kambini namsomea gazeti hili.

Masomo yalipoanza, vibao vya kuandikia havikutosha, tukapewa kibao kimoja kwa watu wawili, kila mtu na upande wake. Mimi na Mzee tukashika kimoja. Jumamosi ya kwanza alinipa chaki akaniambia, "Yunusu mwanangu, macho haya ya moto hayaoni karibu. Niandikie." Nikaandika. Jumamosi ya pili alikigeuza kibao tu akanisogezea. Nilifikiri kweli ni macho, mpaka Jumapili moja alipotaka nirudie habari ya mvua ya Same, akaniambia, "Anza hapa," na kidole chake kilikuwa juu ya tangazo la sabuni. Nikaelewa, nikarudia habari ya mvua. Kumuuliza mtu aliyeniosha kama anajua kusoma, ulimi ulinikatalia.

Mtihani ulikuwa mwezi wa tatu mwaka huu, maswali ishirini. Niliandika pande zote mbili za kibao, na ili zisifanane nikakosea maswali mawili makusudi upande wa Mzee. Upande wangu, kwa haraka ya kuandika mara mbili, nikakosea matatu bila kukusudia, ambayo upande wake niliyapata. Kwa hiyo Mzee akanishinda. Mwenzetu Primus alinitania kambi nzima ikisikia, "Yunusu, umeshindwa na babu? Basi kesho akufundishe na kukata majani." Watu walicheka, Mzee naye akacheka, lakini aliangalia miguu yake. Tulipewa vyeti. Chake kiko Marangu ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na Mama Eliaichi aliwaita majirani akapika ndizi na nyama, akaniletea na mimi kwenye kapu, akisema bila mimi kumtia moyo mume wake asingefika. Ndizi zile nilizila kwa taabu.

Sasa kilichonifanya niandike. Shamba limeleta boila mpya, lile tangi la kuchemsha maji yawe mvuke wa kuendesha mashine, itaanza kazi mwanzo wa Julai, na kwa cheti kile Mzee amewekwa mkuu wa zamu ya asubuhi. Mimi nimetolewa shambani nikapewa mashine ya brashi, ile ya kusugua nyuzi zilizokauka, zamu ya mchana, kwa hiyo sitakuwa naye. Injini ya zamani Mzee aliijua kwa kiganja na kwa sikio, aliweka mkono kwenye bomba akasema mvuke umefika au haujafika, na hakukosea. Hii mpya imevikwa kitu kama koti zito jeupe, nje haina joto wala sauti ya kukuambia lolote, ina saa yenye mshale na tarakimu basi. Wachochea moto wawili atakaokuwa nao hawakusoma masomo.

Wiki iliyopita waliiwasha kuijaribu. Mwalimu Rogath akauliza, "Mzee, tuko ngapi?"

Mzee akasema, "Tuko vizuri."

"Vizuri ni tarakimu gani?"

"Mwalimu, mimi na moto tumejuana wewe hujazaliwa."

Watu wakacheka, Mwalimu akacheka, akafungua koki ya kutolea mvuke yeye mwenyewe. Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mshale ulikuwa umepita mia na arobaini, na sisi tulifundishwa kufungua penye mia na ishirini.

Jioni nilimwendea, akanipakulia chakula, nikamwambia, "Mzee, nikuonyeshe zile tarakimu, mimi na wewe tu." Akaniuliza, "Kwani cheti changu kina kasoro?" Nikasema hakina. Akasema, "Basi kula." Nikala.

Mshauri, nikisema, Mzee ataaibika mbele ya kambi na mbele ya mke wake na watu wa kanisa lake, na mimi nitanyang'anywa cheti nirudishwe kwenye panga, na vidole hivi sidhani vitamaliza mwaka mwingine. Nisiposema, wewe mwenyewe unajua mvuke unavyofanya. Masomo haya yamenipa macho, na Mzee huyu alinipa uhai, na sasa sijui nimshukuru vipi mmoja bila kumsaliti mwingine. Nifanye nini?

Ni mimi, Yunusu wa mkonge.


MSHAURI ANAJIBU

Ndugu Yunusu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Pole kwa vidole, na pole kwa mzigo wa moyoni. Mtu anayekumbuka mtori wa miaka saba si mtu mbaya. Na hiyo barua ya Mwantumu uliyoisoma mwenyewe kitandani, nami nimefurahi nayo kana kwamba ni yangu.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeniomba msaada, hukuomba sifa.

Usiniambie ulimsaidia Mzee. Hebu fikiri, mkuu wa wachochea moto, mtu wa umri wake, alikuwa na haja gani ya kukaa juu ya robota Jumamosi hadi Jumamosi pamoja na watu walio sawa na wanawe? Angeweza kwenda zake Marangu kutazama migomba. Alikuja kwa sababu alitaka kujua. Na kila alipokisogeza kile kibao, wewe ukapokea chaki. Somo la siku hiyo ukalipata mara mbili, yeye hakulipata hata mara moja. Ulidhani unamfichia aibu, kumbe unamnyima kile kile unachokishukuru wewe. Mara ya kwanza nakusamehe, ulidhani ni macho. Baada ya lile tangazo la sabuni huna udhuru.

Unauliza umsaliti nani. Humsaliti mtu. Boila ikipasuka haitauliza nani alimlea nani, na pale pana wachochea moto wawili ambao nao wana wake zao na barua zao. Kwa hiyo kunyamaza kumekwisha leo. Hilo usilipime tena.

Lakini kusema kuna namna yake. Usiende kwa Mwalimu Rogath kabla ya Mzee. Anza na Mzee, faraghani. Na ukimwambia, usianze na "hujui kusoma". Anza na kosa lako: "Mzee, mimi niliandika pande zote mbili, na nimekuletea hatari." Ndiyo kweli, na haimpigi usoni. Akikupa chakula ili unyamaze, weka chakula kando umalize maneno. Ulikula mara moja, inatosha.

Kisha nendeni wawili kwa Mwalimu Rogath. Mwambieni mambo matatu tu: kwamba ule mtihani urudiwe, kwamba Mzee apimwe kwa kusema na kwa kushika mashine badala ya kibao, na kwamba asiachiwe zamu peke yake mpaka apite. Mwombeni pia apake mstari wa rangi nyekundu kwenye kioo cha saa, penye mia na ishirini, haidhuru aliye zamu ni nani, maana jasho na usingizi humpofusha hata msomi. Mzee akikataa kwenda, mpe siku tatu, halafu nenda peke yako. Atakasirika. Afadhali awe na hasira akiwa mzima.

Unaweza kunyang'anywa cheti. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Lakini kile ulichokipata ghalani hakuna anayeweza kukitoa kichwani mwako, na fundi mwenye akili humtafutia mahali mtu aliyekuja mwenyewe kusema kabla ya ajali. Wakikurudisha kwenye panga, omba kufanya mtihani upya, ukae kwenye kibao cha peke yako.

Na jambo jingine. Usidhani kubadili majina kumewaficha. Atakayesoma habari ya babu aliyemshinda kijana atawajua. Kwa hiyo nimemwomba mhariri aitie nakala yako posta mapema, ikufikie siku mbili kabla gazeti halijauzwa Moshi. Ikifika usingoje Jumapili. Na safari hii msikae nje kama ilivyo desturi yenu, ingieni ndani mfunge mlango, umsomee ukurasa huu wote, barua yako na majibu yangu, bila kuruka mstari. Maneno yanayofuata ni yake, wewe nisaidie sauti tu.

Shikamoo, Mzee Ebenezeri. Mtu anayekusomea haya aliogopa kukuuliza jambo moja kwa sababu anakupenda, na woga wake umekuweka mbele ya moto usioujua. Msamehe, ulimwosha akiwa mgonjwa, kosa hili nalo mwoshe. Tarakimu ni kumi tu, Mzee, zinajirudia. Mtu aliyejifunza kusikia mvuke kwa kiganja hazimshindi, na mpaka Julai kuna wiki za kutosha. Cheti kiache pale pale kwenye kitabu cha nyimbo. Utakapopita kwa mkono wako, hutakuwa na haja ya kumweleza mtu jambo jingine.

Umemaliza kusoma, Yunusu. Kunja gazeti, mpe chaki.