Eti Mtoto Alisahau Kupumua

Shoga, uko? Nimetoka chumba cha upasuaji sasa hivi.

Ni yule daktari wetu wa picha za moyo, Bwana Picha. Leo alimshushia mtoto mchanga mrija wa ultrasaundi kooni, ili tuuone moyo baada ya kushonwa. Muda si muda oksijeni ikaanza kushuka. Mimi ndiye niliyemlaza usingizi, nikakagua mashine yangu, nzima. Nikamwambia, "Mrija wako unambana njia ya hewa. Utoe."

Unajua alinijibu nini? "Subiri kidogo, picha inakuja vizuri."

Picha inakuja vizuri. Mtoto anabadilika rangi, mwenzetu yuko studio.

Daktari mpasuaji akainua mikono, akasema taratibu, "Utoe, au nikutoe wewe." Bwana Picha akautoa. Oksijeni ikapanda palepale.

Sasa sikia. Tumemaliza salama, tunakwenda kwa mama mtu, Bwana Picha katangulia kifua mbele. "Mtoto alisahau kupumua kidogo."

Alisahau, shoga. Mama wa watu akacheka kwa woga. "Basi kamfuata baba yake, naye husahau kila kitu."

Uvumilivu ukanishinda. Nikamwambia, "Hakusahau, mama. Kifaa chetu kilimbana, tukachelewa kukitoa." Bwana Picha akaanza kuchunguza dari.

Mama akaniuliza mimi, "Na sasa kimetoka?"

"Kimetoka."

"Basi nipeleke wewe kwa mwanangu. Huyu abaki hapahapa."