Magunia Niliyoyakataa

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumai goti limekuachia angalau ulale, na kwamba dada anakukumbusha dawa bila kukugombeza. Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka. Najua kaka yako amekwisha kukupigia simu. Sasa nisikilize na mimi uliyenizaa.

Uliwahi kuniuliza tunatengeneza nini hasa kiwandani. Si ndoo wala sahani. Tunapika kemikali mpaka zigande, tunazisaga ziwe chembechembe nyeupe, kubwa kidogo kuliko chumvi, kisha tunazikausha. Wanunuzi huziyeyusha wakapata plastiki ngumu ya kushindana na chuma. Hawa wa safari hii wanatengenezea vali za mashine za kuwapumulia wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kupima unyevu kwa mizani maalumu. Chembe zikibaki na maji, plastiki hutoka na vipovu: nje inang'aa, ndani imeoza, na siku moja hupasuka.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita feni ya kikaushio ilikufa. Nilipima mara tatu, na mara zote tatu unyevu ulizidi. Mjomba, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu, akaniambia lori linasubiri, niandike kwamba mzigo umepita. Nikamjibu kwamba mizani haina mjomba. Wenzangu wakacheka, yeye akavimba. Akanikumbusha nani alinileta getini siku ya kwanza, nani aliniombea kazi. "Nimekushika mkono," alisema, "na wewe unaning'ata kidole?" Akachukua kalamu, akasaini mwenyewe. Magunia yakaondoka.

Amekwambia kuna adui mwenye wivu aliyemchomea kwa wanunuzi. Mama, hakuna adui. Ni mimi. Niliwapigia simu mchana kweupe, nikawasomea vipimo vyote vitatu, nikawatajia na jina langu wasije wakasema ni uzushi. Ijumaa ya wiki hiyohiyo magunia yalirudi, hata moja halikuwa limefunguliwa.

Mjomba amevuliwa ukuu wa zamu. Mimi nimepewa ufagio wa ghala, eti nimemkosea adabu mkubwa wangu. Wakuu wa kiwanda walidhani nitaondoka kwa aibu. Nafagia, Mama, na kila asubuhi napita mbele ya ofisi yao kichwa juu. Utasema damu ni nzito kuliko maji. Ni kweli, lakini maji yale yangeingia kwenye pumzi ya mtoto wa mtu. Kwa hilo sitaomba radhi, si kwake wala hata kwako, ingawa wewe nakupenda kuliko wote. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Simu zako nitapokea zote.

Mpimaji mpya ni binti mpole, sauti yake haifiki hata mlangoni. Huja ghalani kuniuliza namna ya kusoma mizani, nami humwelekeza nikiwa nimeegemea ufagio. Jana alipelekewa karatasi asaini kabla hajapima. Alikataa.

Mpe dada salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia. Wakikuuliza nafanya kazi gani siku hizi, waambie nafagia, na usishushe sauti.

Ni mimi,
kitindamimba wako