Mama wa Mtoto Mmoja

Jumatatu, 1 Julai

Sura ya tatu na bado hakuna aliyekula. Watu wanatembea, wanalia, wanatazama nyota. Hakuna hata mmoja aliyeuliza tutakula nini. Riwaya isiyo na jiko siiamini. Nimesema miaka yote na nitaendelea kusema.

Kitabu ni cha mdogo wangu Imelda. Cha kwanza. Kimechapwa Dar, kina jalada la buluu na mwanamke asiye na macho. Mambo ya siku zijazo: Ziwa Nyasa limekauka, watu wa huku milimani wanateremka kwenda kuishi kwenye tope lake, mashine zinaongea. Jumapili anakuja kukizindua hapa Mbinga, kwenye kikundi chetu cha wasomaji, chumba cha parokia, baada ya misa ya pili. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Deogratias, amenipa mimi kazi ya kukichambua mbele ya watu. Alidhani ananipa heshima. Amemkabidhi fisi bucha.

Baridi kali. Kahawa ya upande wa juu imeiva na vibarua hawaonekani.

Jumanne, 2 Julai

Kwa nini waandishi hawa wa mambo yajayo wote wanaanza na ndoto? Mtu anaota, anaamka, jasho linamtoka, kumbe dunia imekwisha. Nimechoka na jasho lao.

Na majina. Kila mtu ana jina la kutungwa ambalo ulimi unajikwaa. Hao wajukuu wa wajukuu zetu hawatakuwa na akina Kolumba na Deogratias? Wamatengo waache majina ya watakatifu! Labda ziwa likauke kweli kwanza.

Mwaka jana tulisoma moja ambamo watu wanaishi ndani ya mwezi. Ukurasa baada ya ukurasa, jinsi mlango unavyofunguka. Mlango! Nikasema kikundini, mwandishi anayeeleza mlango hivyo hana mtu wa kumpitisha. Wakacheka. Sikuwa natania.

Nipe riwaya ya mke anayemficha mke mwenzake chumvi. Hiyo nitaisoma hadi ugali uungue.

Jumatano, 3 Julai

Nimempata.

Sura ya sita. Mama wa kwenye kitabu analima ngoro. Imelda kaeleza vizuri, siwezi kukataa: mteremko, nyasi zilizofyekwa zikakauka, zinapangwa mistari ya kukatana hadi mlima mzima unakuwa vyumba vyumba, halafu udongo unachimbwa katikati ya kila chumba kufunikia nyasi, shimo linabaki. Lakini anayepanga nyasi ni huyo mama. Mama! Huku kwetu nyasi hupangwa na wanaume. Wanawake tunachimba na kufunika. Mtoto yeyote wa huku analijua hilo kabla hajajua sala ya Baba Yetu. Mdogo wangu kakaa Dar mpaka kasahau nani anashika nini shambani.

Jumapili nitaanza na hilo. Nitalisoma polepole. Kikundi kizima ni wakulima, hakuna haja ya kuwaeleza kichekesho.

Nimefurahi siku nzima. Hata dagaa usipa wa jioni walikuwa watamu.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemaliza.

Mwishoni watu wote wanateremka ziwani. Yule mama anagoma kuondoka. Binti yake anambusu, anamwacha kilimani, anakwenda zake. Mama anabaki peke yake anatazama moshi wa wenzake huko chini. Mwisho.

Ana mtoto mmoja. Kitabu kizima, mtoto mmoja. Nimerudi nyuma kutafuta. Hakuna dada, hakuna hata jirani mwenye umri wangu. Mama wa kitabuni ni mama yetu, kila mtu atamjua, kwa anavyofunga khanga kifuani na anavyoguna kabla ya kukaa. Kwa hiyo anayemwogesha ni nani? Anayempeleka kliniki ya macho? Anayeacha kahawa inadondoka kwa kuwa leo mama kaamka vibaya? Mashine?

Namchukia. Naandika hapa ili nisilitamke mbele ya mama. Namchukia.

Ijumaa, 5 Julai

Mama kasikia kwenye simu kwamba kitabu kina habari za shamba. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, haoni maandishi. Akataka nimsomee. Nikachagua sura ya sita kwa makusudi. Nilitaka acheke. Nilitaka kuja na kicheko chake Jumapili kama ushahidi.

Hakucheka. Nilipofika pale mwanamke anakanyaga ncha za nyasi kwa kisigino ili zisifumuke, akanishika mkono. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Halafu akasema kwa Kimatengo, taratibu, uso ameuelekeza ukutani. Mwaka ule baba alikuwa amelazwa hospitali ya misheni. Kaka za baba walisema watakuja kumpangia nyasi, hawakuja. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, maharage hayajapandwa. Akapanga mwenyewe. Alikwenda na ukungu wa alfajiri ili watu wasimwone, maana wangemcheka na baba angeaibika kitandani. Imelda, mdogo kabisa, alikuwa anampokeza nyasi.

Nikamuuliza mimi nilikuwa wapi.

"Wewe ulikuwa shule, bweni. Shambani tulikuwa wawili tu."

Kisha akasema nisimwambie mtu. Baba yuko kaburini miaka yote hii na bado anamlindia heshima.

Nimekaa na kitabu mapajani.

Jumamosi, 6 Julai

Imelda kaja na basi la Songea. Kanenepa. Nimempokea mzigo, sijampokea yeye. "Shikamoo dada." "Marahaba." Basi.

Bado nimekasirika. Sawa, nyasi ni kweli. Mwaka ule walikuwa wawili. Lakini miaka mingine? Mwaka mmoja ndio kaufanya maisha yote ya mama. Huo nao ni uongo, wa waandishi, wa kukata mahali panapowapendeza.

Kaniuliza kama nimekisoma. Nikasema utasikia kesho.

Jumapili, 7 Julai

Chumba kilijaa. Nimeyasema. Ndoto. Majina. Mashine yenye maneno mengi kuliko padri. Kitabu kizima hakuna sufuria. Nimesema mwandishi anaipenda dunia iliyokufa kuliko iliyo hai kwa sababu iliyokufa haimtumi kuchota maji. Watu walicheka mno. Imelda alikuwa anatazama viganja vyake. Sikumwonea huruma.

Nyasi sikuzigusa.

Akasimama mzee Kastori, anayekaa mbele kila mara, akazigusa yeye. Mwanamke apange nyasi! Huyu binti hajui kwao, kaandika ya kuambiwa. Kicheko kikalipuka, kile kile nilichokuwa nimekiandaa. Pigo langu, kutoka mdomo wa mtu mwingine. Imelda akafungua mdomo, akaufunga. Nikaelewa kwamba naye aliambiwa asiseme. Ameitia siri kwenye kitabu cha mambo ya miaka mia ijayo kwa sababu huko ndiko pekee angeweza kuisema.

Nikasimama. Nikasema, "Shikamoo mzee. Yupo mwanamke aliyepanga. Namfahamu." Mzee akauliza ni nani. Nikamwambia hilo halimhusu, nikakaa.

Kurudi nyumbani Imelda alikuwa anatembea karibu yangu.

Jumatatu, 8 Julai

Ukungu haukuondoka hadi mchana. Mama alitaka asomewe mwisho.

Nikamsomea jikoni, kwenye moto. Imelda alikuwa mlangoni anamenya viazi. Nikafika pale watu wanateremka, binti anambusu mama. Nikaona sentensi inayofuata. Akabaki kilimani peke yake. Mdomo ukakataa.

Nikasoma kitu kingine. Nikasoma kwamba akabaki na binti yake mkubwa. Kwamba huyo binti hakuwa ametajwa kwa sababu muda wote alikuwa jikoni. Nikamtungia jiko, mimi nisiyependa mambo ya kutunga. Nikaweka kuni, nikaweka sufuria, nikageuza ukurasa kama ninasoma.

"Anapika nini?" mama akauliza.

"Maharage."

"Haya. Endelea."

Kisu cha Imelda kilikuwa kimenyamaza. Anakijua kitabu chake neno kwa neno. Nikaendelea bila kumtazama. Maharage yakaiva. Chini ziwani wale wengine wakaona moshi wa mlimani, wakajua kuna watu wawili huko juu, wanakula.

Nikafunga kitabu. Mama akasema mwisho mzuri, Imelda anajua kuandika. Nikasema ndiyo mama, anajua.

Imelda akaingia, akainama, akasukuma kuni ndani.